Duka la Samaki Lisiloamini Rangi Pekee

Kwa wafugaji wa sikilidi (jamii ya samaki wa maji baridi, ambao wengi hufugwa kwenye matangi kama mapambo) jijini Nairobi, kuwapata samaki si kazi. Kazi ni kujua uliyemnunua ni wa spishi gani, na kama ni dume au jike. Katika jambo hilo, duka dogo lililo kandokando ya Barabara ya Ngong linastahili sifa.

Nilipeleka huko samaki wawili niliouziwa kwingine kwa jina la "mchanganyiko wa Afrika", mmoja wa buluu na mwingine wa njano, huku nikihakikishiwa kwamba wa buluu ndiye dume. Kijana anayehudumia matangi aliwatazama kwa utulivu kabla ya kusema kwamba wote ni Maylandia lombardoi wa Ziwa Malawi, spishi ambayo majike na wachanga huwa wa buluu wenye milia myeusi, ilhali dume akikomaa hugeuka njano. Kwa Melanochromis auratus wa ziwa hilohilo mambo ni kinyume: jike ni wa njano, na dume anayetawala huwa mweusi.

"Lakini rangi pekee haitoshi, mama," aliniambia, "maana dume anayeonewa na wenzake anaweza kubaki na rangi ya kike."

Kwa hiyo alilowesha mikono, akamgeuza kila mmoja tumbo juu kwa sekunde chache, akanionyesha matundu mawili: kwa dume yanakaribiana kwa ukubwa, ila kwa jike lile la uzazi, lililo upande wa mkia, ni kubwa kuliko la haja. Vidoa vya njano kwenye pezi la nyuma chini ya tumbo, ambavyo wauzaji wengi huviapia, hakuvitegemea, kwa kuwa hata majike huwa navyo. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba alikataa kuwapa jina vifaranga wa tangi moja, kwa sababu wazazi wao walichanganywa, na spishi hizi huzaana kwa urahisi zikifungiwa pamoja.

Kasoro zipo. Vibandiko vya matangi vinataja bei tu, hivyo kijana huyo asipokuwapo mteja hana wa kumweleza, na taa za buluu hupotosha rangi. Omba uwashiwe nyeupe. Ukipeleka samaki wako, mbebe katika ndoo yenye kifuniko pamoja na maji ya tangi lake mwenyewe.