PS5 ya diski au Xbox Series S: anza na hifadhi, picha baadaye

Mashine hizi mbili za gemu zilitoka Novemba 2020, na ubishi wake kwa kawaida huanzia kwenye picha. PS5 inafika 4K, Series S imelengwa 1440p, yaani picha yenye nukta chache zaidi. Kwenye TV ya inchi 32 isiyo ya 4K, tofauti hiyo huioni sana. Kinachouma ni hifadhi na bando.

Series S ya GB 512 hukuachia GB 364 tu baada ya mfumo kuchukua sehemu yake. Gemu tatu za GB 100 na imejaa. Haina tundu la diski, kwa hiyo gemu uliyoifuta itarudi kwa kupakuliwa upya yote. Kwa PS5 ya diski, gemu nyingi hunakiliwa kutoka kwenye diski, unapakua masasisho tu. Ukiichoka gemu, unauza diski yake au unabadilishana na mwenzako. Kwa anayenunua intaneti kwa GB, hiyo peke yake inafidia bei kubwa ya PS5. Kagua tu usije ukauziwa toleo la Digital: halina mdomo wa diski.

Kuongeza nafasi kwenye Series S ni kuchomeka kadi yake maalumu nyuma, basi, ila kadi hiyo ni ghali. PS5 inapokea SSD (hifadhi ya kasi isiyo na diski inayozunguka) ya umbo la M.2, aina ya NVMe, na lazima iwe PCIe Gen4, yaani kizazi cha nne. Ya Gen3 itakataliwa. Zima kabisa, chomoa waya wa umeme, vua kifuniko cha upande usio na diski, fungua skrubu ya kibati kinachofunika nafasi ya SSD. Ndani kuna kipete kidogo cha kushikilia SSD; kihamishie kwenye tundu lililoandikwa 80, maana SSD nyingi ni za 2280 (upana mm 22, urefu mm 80), kisha ingiza SSD kimshazari, ilaze, kaza. Inahitaji bati la kupoozea, lakini unene wote usizidi mm 11.25, la sivyo kibati hakifungi. Ukiwasha, mashine itakuomba kuifomati.

Usidanganyike na diski ya nje ya USB: gemu za PS5 hukaa humo tu, hazichezeki. Za PS4 zinachezeka.

Kwenye pedi ya kuchezea, Xbox inashinda wazi. Inatumia betri mbili za AA, zikiisha unabadilisha papo hapo. Betri ya pedi ya PS5 imefungiwa ndani. Ikichoka, ni kuifungua pedi kwa bisibisi au kucheza na waya umechomekwa.