Bodi za pamba ya mawe na namba zake: tathmini kutoka Chake Chake

Kwa miezi minne sasa chumba cha mama yetu, nyumbani Chake Chake, kina ukuta wa ziada uliojazwa bodi za pamba ya mawe, yaani nyuzi za mwamba ulioyeyushwa, na kwa kuwa jamaa kadhaa wameniuliza kama bodi hizo zinafaa kununuliwa, nimeona ni vyema niandike tathmini yangu kwa ukamilifu. Bidhaa yenyewe ni nzuri. Kasoro iko kwenye namba inayotumika kuiuza, ambayo wauzaji na wanunuzi wengi huielewa sivyo, na mimi nikiwa mmoja wao nilipoteza fedha pamoja na wiki sita ambazo mama hakupata usingizi wa mchana.

Chumba hicho kimepakana na fremu tuliyompangisha mwenye mashine ya kusaga. Mama alipotoka hospitali alihitaji kulala baada ya adhuhuri, na huo ndio wakati watu wanapoleta mahindi na muhogo mkavu. Kumwambia mpangaji asimamishe kazi isingekuwa haki, kwani mashine ilikuwepo kabla ya maradhi. Nilivuka hadi Unguja, nikaingia duka moja la vifaa vya ujenzi, nikaoneshwa bodi za sentimita 60 kwa 120, unene wa milimita 50, uzito wa kilo 60 kwa mita moja ya ujazo. Karatasi ya maelezo ilikuwa na namba mbili: R 1.4 na NRC 0.95. Muuzaji akaweka kidole juu ya ile ya pili, akasema, "Sheikh wangu, hii inakata sauti kwa asilimia 95." Nikalipa.

Namba ya kwanza haihusiani na sauti hata kidogo. R hupima namna kitu kinavyozuia joto, na kwa nyumba zetu za mabati ni sifa yenye manufaa, ila haina la kutuambia kuhusu mashine ya jirani. Namba ya pili inahusu sauti kweli, lakini ni sauti iliyomo ndani ya chumba kile kile. NRC ni wastani wa kiasi cha sauti ambacho bodi hukinyonya katika masafa manne, yaani hertzi (mitetemo kwa sekunde) 250, 500, 1000 na 2000. Inapoandikwa 0.95, maana yake ni kwamba katika sauti inayoifikia bodi, takriban asilimia 95 hairudi chumbani. Haisemi imekwenda wapi. Dirisha lililo wazi kabisa hupewa 1 katika hesabu hiyo, kwa sababu sauti inayotoka dirishani hairudi tena, na hakuna atakayedai kwamba dirisha wazi huzuia kelele.

Hayo sikuyajua nilipozivisha bodi kitambaa na kuzipanga ukutani. Nilipopiga kofi, mwangwi uliokuwa ukizunguka chumbani ulikuwa umekwisha, na mama alisikia maneno yetu vizuri zaidi kuliko zamani. Kisha mashine ikawashwa. Programu ya simu, ambayo naijua si chombo cha maabara, ilionesha desibeli 58 kabla ya bodi na 56 baada yake. Mama alinitazama tu, hakusema neno.

Namba niliyopaswa kuiuliza ni STC, au Rw kwa bidhaa zinazopimwa kwa utaratibu wa Ulaya. Hizi hueleza sauti inavyopungua ikivuka kutoka upande mmoja wa ukuta hadi wa pili, nazo ni za ukuta mzima: mbao, jipsamu, pamba, nafasi ya katikati na namna vilivyofungwa pamoja. Bodi peke yake haiwezi kuwa na STC ya maana. Zaidi ya hayo, desibeli haziendi kama asilimia: kila desibeli 10 ni nguvu ya sauti kupungua mara kumi. Kitu kinachozuia asilimia 95 ya nguvu ya sauti kimepunguza desibeli 13 tu, ilhali ukuta wa matofali ya saruji uliopigwa plasta pande zote mbili huweza kupita desibeli 40, yaani hupitisha chini ya sehemu moja katika elfu kumi. Ukuta wangu wa zamani, basi, ulikuwa na uwezo mkubwa kuliko ule niliodhani nimeununua.

Kwa nini basi mashine ilisikika? Fundi aliyepanda darini alipata jibu kwa tochi. Ukuta wetu, kama kuta za ndani za nyumba nyingi hapa, uliishia kwenye dari, na juu yake palikuwa wazi moja kwa moja hadi kwenye mabati. Aliweka mkono wake juu ya tofali la mwisho, akaniambia anahisi upepo unatoka upande wa fremu. Panapopita upepo hupita sauti. Tundu la eneo la asilimia 1 tu ya ukuta huufanya ukuta huo, hata ungekuwa wa zege nene, usiweze kuzidi desibeli 20, na letu lilikuwa kubwa zaidi ya hapo.

Tulipandisha matofali hadi kwenye mabati na kuziba kingo. Kisha tukasimamisha fremu ya mbao isiyogusa ukuta wa zamani, tukaingiza zile zile bodi katikati, tukafunika kwa tabaka mbili za jipsamu. Simu sasa huonesha kama desibeli 42 mashine ikisaga. Matundu ya hewa ya upande wa ua tumeyaacha kwa makusudi, kwani chumba kilichozibwa kila upande wakati wa kaskazi hakikaliki, seuze na mgonjwa.

Kwa kazi hiyo naisifu pamba ya mawe bila kusita. Haina chakula kwa mchwa, haishiki moto kama sponji ambalo baadhi ya watu hulibandika ukutani, na hukatika vizuri kwa kisu cha mkate, ilimradi fundi avae glavu na kitambaa puani kwa sababu nyuzi zake huwasha. Trei za mayai, ambazo wengine hudhani huzuia sauti, zisifikiriwe kabisa. Anayeuza bodi hizi namwomba aweke pia karatasi ya ukuta kamili uliopimwa, na mnunuzi aelewe kwamba namba ya maabara hushuka pointi kadhaa ikifika nyumbani.

Limebaki jambo moja, nalo ni jenereta ya mpangaji umeme unapokatika. STC huanza kuhesabu kwenye hertzi 125, na Rw kwenye 100, ilhali injini ndogo ya jenereta inayozunguka mara 3000 kwa dakika hupiga mishindo 25 kwa sekunde (mmoja kwa kila mizunguko miwili), chini kabisa ya mipaka hiyo. Mngurumo huo hupenya ukuta ambao namba yake ni nzuri. Mpangaji, Mungu amjaalie kheri, amekubali kuisogeza jenereta hadi mwisho wa ua na kuiweka juu ya tairi kuukuu, na fundi wa umeme anakuja Jumamosi kurefusha waya.