Ruta hii imenifanya nimwite mtoto wa dada yangu mwizi

Nyota tatu. Au mbili. Ngoja kwanza nieleze.

Nina stesheneri ndogo nyumbani hapa Chikongola, Mtwara. Msimu wa korosho uliopita nilinunua ruta, duka likanipa na fundi wa kuifunga. Kasi sina ugomvi nayo. Balaa ni printa: umeme ukikatika ukarudi, kompyuta haiioni. Wateja wamesimama na vyeti vyao mkononi, mimi nabonyeza tu.

Fundi alikuja mara tatu, namlipa kila akija, na kila akija anabadilisha jina la Wi-Fi na nywila. Mara ya mwisho kaingia hata shikamoo hakuna, akafungua programu ya ruta, akanisogezea simu usoni: "Mama, vifaa 17 hivi! Humu ndani kuna mtu anagawa nywila." Mbele ya wateja! Nyumbani tupo wanne. Nikamgeukia mtoto wa dada yangu. Maneno niliyomwambia yananichoma mpaka leo. Simu nikamnyang'anya.

Kumbe mwizi hakuna. Kijana mwenyewe ndiye aliyenionyesha, siku kadhaa baadaye. Anwani ya IP, yaani namba ya kukitafutia kifaa kwenye mtandao, ruta inaazimisha tu. Printa ilikuwa 192.168.1.14, umeme uliporudi simu ikaiwahi, printa ikapewa inayoishia 17, kompyuta bado inabisha hodi kwenye 14. Na simu za Android tangu toleo la 10, na iPhone tangu iOS 14, zinaficha MAC yao halisi, ile namba ya utambulisho kifaa kinayotoka nayo kiwandani, zinatunga nyingine kwa kila jina la Wi-Fi. Fundi kabadilisha majina, ruta yenyewe inarusha mawili. Simu moja imeandikwa mara ngapi hapo? Tazama tarakimu ya pili ya MAC: ikiwa 2, 6, A au E, hiyo imetungwa.

Akasoma MAC ya printa kwenye kibandiko cha mgongoni, akaitengea anwani yake ya kudumu ndani ya ruta. Dakika tano! Umeme umeshakatika mara nyingi tangu hapo, printa ipo.

Basi ruta nzuri? Nilitaka kuandika hivyo. Lakini programu yake inachanganya vifaa vya leo na vya mwezi jana bila kusema, na fundi wao anasoma orodha hiyo kama hati ya mashtaka. Hapana. Nyota moja.

Simu nilimrudishia, na msamaha nilimwomba. Wi-Fi ya nyumbani hajaigusa tena. Ananunua bando lake, anakaa nje chini ya mwembe.