Munklipu kwenye rivolva ndogo ya .38: ukate silinda au uache?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo tunazungumzia munklipu, yaani kibati kinachoshika risasi zote za rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) kwa pamoja, kwa sababu wenye leseni kadhaa huku Mbeya na Makambako mmeniuliza kama inafaa kupeleka rivolva ndogo kwa fundi akate silinda ili izitumie.

Kwanza tazameni hapa mezani. Silinda iko wazi, matundu yote matano ni matupu, mwanga unapita. Risasi hizi ni za mazoezi, hazina baruti.

Munklipu ndiyo hii: kibati cha chuma cha duara, chembamba, hakifiki hata milimita moja. Kinashika risasi zote tano kwenye shingo ya kitako. Unazitumbukiza kwa mara moja, na maganda yanatoka kwa mara moja. Asili yake ni Marekani, mwaka 1917, walipoingia vitani bastola zikiwa hazitoshi. Kampuni za Colt na Smith & Wesson wakatengeneza rivolva za kutumia risasi ya .45 ACP, ambayo kitako chake hakina ukingo wa kuinasa kwenye silinda. Dawa ikawa kibati cha nusu duara kinachobeba risasi tatu, viwili vinajaza silinda.

Sasa risasi ya .38 Special, ya rivolva hizi ndogo, ina ukingo wake tayari. Haihitaji kibati ili ifanye kazi. Kwa hiyo unachonunua hapa ni wepesi tu, na wepesi huo upo kweli, siupingi. Rivolva fupi ina kijiti kifupi cha kusukumia maganda. Angalia: nimesukuma mpaka mwisho, ganda bado halijatoka lote. Likiwa kwenye munklipu, lililokwama linavutwa na wenzake. Na sisi wa baridi, asubuhi ya mwezi wa saba vidole vikiwa vimekufa ganzi, kuokota risasi mojamoja mfukoni ni shida.

Ila sogea karibu na kamera. Munklipu hii nimeilaza juu ya kioo. Unaona jino hili moja limeinuka, mwanga unapita chini yake? Kwa jicho tu usingegundua. Nikiijaza na kuzungusha silinda, inasugua ukuta wa nyuma, triga inakuwa nzito, halafu inagoma katikati. Silaha uliyoichukua ikulinde imekuwa chuma kitupu mkononi. Na hii inapindwa na nini? Mfuko wa koti wenye funguo na simu, basi. Tena risasi za viwanda tofauti hazilingani shingo: klipu ileile, hizi zimekaza, hizi zinacheza kama jino bovu.

Kukata kwenyewe ndiko kunakoniogopesha zaidi. Fundi anapunguza sehemu ya katikati ya uso wa nyuma wa silinda, pamoja na ile nyota inayotoa maganda, na anauacha ukingo wa nje ili risasi bila klipu ziendelee kukaa mahali pake. Akikosea akaula na ukingo huo, risasi zinazama mbele na pini inagonga kidogo tu: risasi hailii. Chuma kikishaondoka hakirudi. Nawaheshimu sana mafundi wetu wa Sido (shirika la viwanda vidogo), kwenye shafti na bushi hawana mpinzani, lakini silaha si kazi yao. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usiguse chochote kabla ya kuuliza polisi wanaosimamia leseni yako, na kazi hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye kibali, si mwingine.

Msimamo wangu: .38 yako iache ilivyo. Nunua utepe wa mpira wa kushikia risasi, huu hapa. Unalala bapa mfukoni, unajaza mbilimbili, na ukipinda unanyooka wenyewe. Ni wa taratibu kuliko munklipu, nakubali, lakini hauigomeshi silinda.

Ukizitaka munklipu kwa dhati, tafuta rivolva iliyotoka nazo kiwandani, kama Ruger LCR ya 9mm. Zibebe kwenye kikasha kigumu, na kila klipu ijaribu kwanza kwa risasi za mazoezi kama hizi, silaha ikiwa imeelekezwa mahali salama, usikie kama silinda inasugua. Maganda usiyang'oe kwa vidole wala koleo. Kuna kibomba maalumu cha kuyatolea, nunua pamoja na klipu siku hiyohiyo, kwa sababu klipu hupindwa pia wakati wa kung'oa maganda.