Uanagenzi wa ufundi lifti: uzoefu wangu, kuanzia kubeba reli hadi kushika paneli

Ukitaka kazi ya umeme isiyochafua nguo, usiombe uanagenzi wa lifti. Utapakaa grisi mpaka kwenye nyusi, utabeba vyuma, utafagia vumbi usilojua limetoka wapi, na umeme wenyewe utaachiwa kuushika baada ya kuonyesha kwamba una akili ya kuuzima. Nimeyapitia mafunzo haya yote, miaka minne, cheti ninacho. Anayeniuliza kama ajiunge namjibu: jiunge, ila uliza kwanza utakuwa chini ya fundi gani. Mengine yote yanafuata hapo.

Mpangilio wake si mgumu kuuelewa. Kampuni inakuajiri, inakulipa mshahara wa mwanagenzi, siku nyingi uko kazini na fundi, na kwa vipindi unaitwa darasani. Unapewa kitabu cha kumbukumbu, na kila kazi uliyoifanya fundi anaitilia sahihi. Kazi zenyewe ni za namna tatu: kufunga lifti mpya, kuhudumia zinazofanya kazi, na kukarabati zilizochoka au kuharibika. Kwenye karatasi unazungushwa kote; hilo la karatasi nitalisema mbele.

Darasani palinipendeza kuliko nilivyotarajia. Umeme wa fezi tatu, mota, relei, kontakta, inveta, kusoma michoro: vyote vilifundishwa na watu waliowahi kushika spana. Somo lililonikaa ni la kuzima umeme. Unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli yako, ufunguo unakaa mfukoni mwako na si mwa mwingine, unatundika kibao chenye jina lako. Kisha mita: unaijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, unapima pale ulipozima, halafu unairudisha kule penye umeme kuhakikisha haikufa katikati ya kazi. Nimeona mafundi umeme wa miaka mingi wakiiruka hiyo hatua ya mwisho. Kwetu ukiiruka kwenye mtihani umefeli, hata kama mengine yote umepata.

Udhaifu wa darasa ni kwamba lifti za haidroli, zile zinazosukumwa kwa mafuta, zilipitishwa mbiombio, ilhali kwenye majengo mafupi bado unazikuta, na pampu na vali zake zina matatizo yasiyofanana na ya lifti za kamba. Historia ndiyo ilipewa muda mwingi kupita kiasi, ingawa kisa cha Elisha Otis sichoki kukisikia: mwaka 1854, New York, kwenye jengo la maonyesho la Crystal Palace, alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa akaamuru kamba ikatwe, na jukwaa likadakwa kabla halijaporomoka. Lifti ya abiria ya kampuni yake ilifungwa dukani jijini humo mwaka 1857. Taya za chuma zilizo chini ya chumba cha lifti hadi leo zinafanya kazi ileile, isipokuwa sasa hazingoji kamba ikatike. Chumba kikizidisha kasi, kidhibiti mwendo kinakamata kamba yake nyembamba, kamba hiyo inavuta taya, taya zinauma reli, vile vyuma virefu vinavyokiongoza chumba shimoni. Tulipolijaribu hilo kwenye lifti mpya, tulikwenda kuzikagua reli kwa kurunzi, nikaona alama za kung'aa pale chuma kilipoumana na chuma. Kuanzia hapo sikuhitaji tena kusadikishwa na kitabu.

Kwenye ufungaji ndiko mwili unakopimwa. Reli huja kwa vipande vya mita tano, vizito, vinapandishwa kwa winchi kimoja baada ya kingine na kuungwa. Kabla ya reli kuna timazi: nyaya nyembamba zinashushwa kutoka juu hadi chini ya shimo zikiwa na vipande vya chuma mwishoni, na vipande hivyo vinazamishwa kwenye ndoo ya mafuta ili visiyumbe. Kila breketi ya kushikia reli ukutani inapimwa kutoka kwenye nyaya hizo. Kwenye maungio ya reli fundi alikuwa anapitisha rula ya chuma, kisha ukucha wake, kisha ananiambia nipitishe wangu. Ukucha ukikwama, tunachukua tupa. Ndipo nilipojua kwa nini lifti nyingine hutikisika palepale kila ukipanda. Ni mafunzo mazuri sana, kwa miezi michache.

Nililofundishwa vizuri kuliko yote ni namna ya kupanda juu ya chumba. Mtu wa nje ataliona dogo. Unafungua mlango wa ghorofa kwa ufunguo wa pembetatu, mwanya mdogo tu, uzito wa mwili umeurudisha nyuma, unachungulia kama chumba kweli kipo pale unapodhani kipo. Watu wamekufa hapa, kwa kufungua mlango na kupiga hatua wakiamini kuna kitu cha kukanyaga. Ukikiona, unanyoosha mkono na kubonyeza swichi ya kusimamisha iliyo juu ya chumba. Unafunga mlango, unaita lifti. Haikusogea? Basi swichi ni nzima. Unafungua tena, unaweka swichi ya ukaguzi, unaachia ile ya kusimamisha, unafunga, unaita. Ikitulia tena, unabonyeza ya kusimamisha kwa mara nyingine, na hapo ndipo unapanda. Kwenye ukaguzi chumba kinatembea taratibu, kwa kiwango cha Ulaya cha EN 81-20 hakizidi mita 0.63 kwa sekunde, na kinatembea pale tu unapokuwa umeshikilia kitufe.

Fundi wangu alifanya hayo kwenye kila lifti, hata simu za wateja zikimlilia mfukoni. Nilimuuliza siku moja kwa nini anaijaribu swichi ambayo ameijaribu asubuhi ileile. Akasema, "Asubuhi ilikuwa nzima." Akaendelea na kazi.

Matengenezo ndiyo shule yenyewe, na mwalimu mkuu ni mlango. Mashine inaweza kukaa muda mrefu bila kukuita. Mlango unafunguka na kufungwa kutwa nzima, unagongwa na mikokoteni, mfereji wa kizingiti unajaa mchanga na karatasi za pipi. Kila mlango wa ghorofa una kufuli na swichi yake, na swichi hizo zote zimeungwa kwa mfululizo kwenye saketi ya usalama: moja ikiachia, lifti nzima inasimama. Chumba hakiruhusiwi kuondoka mpaka ulimi wa kufuli uwe umeingia angalau milimita 7, na mwanagenzi anayejua kuzipima hizo milimita saba kwa macho na kisha kuzihakikisha kwa rula ana thamani kuliko anayejua kukariri aina za mota.

Kuna lifti tuliyoitiwa iliyokuwa inasimama katikati ya ghorofa, si kila siku, kisha inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Waliotutangulia walikwishabadilisha swichi na bodi. Kumbukumbu za paneli, lile kabati la vidhibiti vya lifti, zilionyesha saketi ya kufuli ikikatika, na mara nyingi karibu na ghorofa ileile. Tukapita hapo kwa mwendo wa ukaguzi, tukarudi, tukapita tena: shwari. Fundi akachukua chaki, akapaka ubavuni mwa roli za kufuli za ghorofa hiyo, tukashuka, akaniambia niingie chumbani na walinzi wa jengo tusimame wote upande mmoja. Tukapita kwa kasi ya kawaida. Tulipopanda kuangalia, chaki ilikuwa imefutika. Bamba lililoko kwenye mlango wa chumba, lile linaloshika roli ili kuufungua mlango wa nje, lilikuwa linaikwaruza roli wakati wa kupita. Viatu vinavyokiongoza chumba kwenye reli vina plastiki ndani yake; zilikuwa zimelika, kwa hiyo abiria wakikaa upande mmoja chumba kinainama. Kikiwa kitupu hakigusi kitu. Tukabadilisha plastiki, tukaiweka sawa nafasi kati ya bamba na roli, simu zikakoma. Bodi ya zamani haikuwa na kosa lolote, na mteja alikuwa ameshauziwa mpya.

Hilo huwezi kulipata darasani. Unalipata kwa kusimama karibu na mtu anayefikiri kwa sauti, na ndiyo maana nasisitiza fundi kuliko jina la kampuni.

Kingine kinachowashangaza karibu wanagenzi wote: ukiifungua breki kwa mkono kwenye lifti iliyokwama na chumba kikiwa kitupu au kina mtu mmoja, chumba hakishuki, kinapanda. Uzito wa kusawazisha, ule unaoning'inia upande wa pili wa kamba, umewekwa uwe sawa na chumba kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo kinaoruhusiwa kubeba, kwa hiyo chumba kitupu ndicho chepesi. Kikijaa, ndipo kinashuka. Kikiwa na nusu hivi, unafungua breki na hakiendi popote, hapo unahitaji njia nyingine. Ukiwa unamwokoa mtu aliyekwama lazima uyajue haya kabla hujagusa chochote, na uwe umezima umeme mkuu, na umemwambia akae mbali na mlango. Kumwambia nako kulifundishwa, na kwa hilo nawasifu: unaongea na aliyekwama kwa sauti ya kawaida, unamweleza kila utakachofanya kabla ya kukifanya, unamhakikishia kwamba hewa ipo. Mtu aliyenyamaziwa ndiye anayeanza kupanua mlango kwa vidole.

Sasa malalamiko. Kampuni iliyoniajiri, ambayo siitaji, ilikuwa na miradi mingi mipya, na wanagenzi ni mikono ya bei nafuu. Nikaachwa kwenye ufungaji muda mrefu kupita ratiba, nikibeba reli baada ya kuwa nimeshaelewa reli. Mwenzangu alipatwa na kinyume chake: aliwekwa kwenye huduma za mwezi za kupaka mafuta na kufuta vumbi, hajawahi kuona kamba zikibadilishwa. Tulipouliza, tuliambiwa tuwe wavumilivu. Kibaya zaidi ni kitabu cha kumbukumbu. Tathmini ilipokaribia, msimamizi alikuwa tayari kusaini kurasa za kazi ambazo hatukuzifanya ili takwimu za ofisi zikae vizuri. Mimi naliita hilo wizi, maana kamba unayodaiwa kuwa umeikagua ndiyo utakayoulizwa siku ikiwa imekatika nyuzi. Lifti ya kamba tatu au zaidi inatakiwa kwa EN 81-20 kamba zake ziwe na nguvu angalau mara 12 ya mzigo zinaoubeba, na akiba yote hiyo inaliwa polepole na nyuzi zinazokatika moja moja, kutu, na puli iliyochimbika. Anayejifunza kuziona dalili hizo kwa sahihi ya bure hatoziona.

Nilidai kuhamishwa kwa maandishi, nikiambatisha ratiba ya mafunzo waliyonipa wenyewe. Ilisaidia. Maneno ya mdomo hayakuwa yamesaidia kitu.

Kwa mwili: uwe huogopi urefu, uwe huogopi giza, na usiwe mtu wa kubana pumzi kwenye nafasi finyu. Chini ya shimo panatisha kuliko juu, kwa sababu chumba kiko juu ya kichwa chako. Kazi ya kwanza ukishuka ni kuitafuta swichi ya kusimamisha, ya pili ni kujua nafasi ya kujikinga iko wapi. Zana ndogo utanunua mwenyewe. Usijibane kwenye mita: nunua inayofaa kwa umeme wa viwandani, si ile ya kupimia betri.

Kabla hujasaini mkataba, waombe wakuonyeshe kwa maandishi utakaa muda gani kwenye ufungaji, huduma na ukarabati. Omba kuongea na mwanagenzi wa mwaka wa tatu bila bosi kuwepo. Uliza fundi mmoja anapewa wanagenzi wangapi. Halafu uliza kama mwanagenzi huwa anatumwa peke yake usiku kwa watu waliokwama. Wakisitasita kwenye hilo la mwisho, tafuta kampuni nyingine.