TAHADHARI: Sanamu za "shaba" zinazobanduka, msimu huu wa Dhanteras

Ndugu zangu wa Dar na popote mlipo, kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza sanamu za kuweka kwenye mandir (madhabahu ya Kihindu) ya nyumbani: Ganesh, Lakshmi, na zaidi Laddu Gopal, yule Krishna mtoto. Picha zinavutia, bei ni ya kutupa, na maneno ni yale yale: "Shaba tupu kutoka Moradabad, zimebaki chache, lipia leo." (Moradabad ni mji wa India unaosifika kwa kazi za shaba.) Anajua kwamba Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali, kila nyumba inataka kuingiza kitu cha madini, na watu wananunua kwa haraka. Tafadhali msimtumie hela kabla hamjasoma hapa.

Jirani yetu wa Upanga, mama mtu mzima, alinunua Laddu Gopal kwake. Wenye desturi hii wanajua kwamba Laddu Gopal si pambo la kabatini. Asubuhi huamshwa, huogeshwa, huvishwa nguo, hupewa chakula, na usiku hulazwa. Siku ya Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, huogeshwa kwa panchamrit: maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Haukupita muda rangi ya dhahabu ikaanza kubanduka mabegani, na chini yake pakatokea kijivu. Kisha mkono ulioshika laddu (kitamu cha mviringo) ukakatika wakati anamfuta kwa kitambaa. Muuzaji alipopigiwa simu alisema mama ameiharibu mwenyewe kwa kuisafisha na ndimu na chumvi. Sasa hapokei kabisa.

Hela ni hasara, lakini kuna kubwa zaidi. Sanamu iliyovunjika haiabudiwi tena, kwa mila huzamishwa kwenye maji, na yule mama alilia kweli. Halafu kumbukeni kwamba ile panchamrit baada ya kuogeshea hunywewa kama prasad (sadaka iliyobarikiwa), watoto wakiwemo. Rangi inayobanduka na madini yasiyojulikana yanaingia kwenye kikombe hicho hicho. Kwa hili siwezi kunyamaza.

Hilo la ndimu msilikubali hata kidogo. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na bibi zetu wameisafisha kwa ukwaju, au ndimu na chumvi, miaka yote. Asidi huondoa ule weusi wa juu, inabaki manjano ile ile ing'aayo. Ukiiloweka muda mrefu mno inaweza kupata wekundu kidogo, kwa kuwa zinki hutoka kwanza. Hapo si utapeli, ni kuzidisha muda. Paka, sugua kwa vidole au kitambaa laini, suuza vizuri, kausha mpaka kwenye mikunjo. Usitumie steliwaya. Nyingine kutoka Moradabad hupakwa vanishi isiyo na rangi, nayo ikizeeka hutoka vipande vipande, ila chini yake bado utaona manjano. Ukiona kijivu au weupe, hiyo haikuwa shaba tangu siku ya kwanza. Na muuzaji anayekuonya "usiiloweshe" kitu cha kuogeshwa kila siku, ameshakwambia anauza nini.

Anatuma pia video ya sumaku isiyonata. Ni kweli sumaku hainati kwenye shaba, lakini hainati kwenye zinki, aluminiamu wala plastiki pia. Video hiyo inathibitisha tu kwamba si chuma. Uzito nao msiuamini peke yake, kwa sababu wengine hujaza mchanga au saruji ndani na kuziba kitako. Geuza sanamu. Kama kitako kimezibwa kwa kitu kama gundi au plasta, uliza kwa nini. Kwaruza kidogo hapo chini kwa tupa: unga wa manjano ni dalili njema, wa kijivu ni aloi ya zinki au aluminiamu, mweupe ni plasta au plastiki.

Asiyetaka kukwaruza atumie mizani ya jikoni. Pima sanamu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, ning'iniza sanamu kwa uzi izame yote bila kugusa chini, na kama ina uwazi ndani hakikisha maji yameingia. Gawa uzito wa kwanza kwa namba inayosoma sasa. Sanamu ya gramu 1,700 ikisoma 200 majini inatoa 8.5, na hapo ndipo shaba ya manjano ilipo. Aloi za zinki ziko kati ya 6 na 7, aluminiamu karibu 2.7. Iliyojazwa na kuzibwa nayo itashuka.

Mtu huyu anazo pia "za kale, enzi za Chola", yaani za ufalme wa kale wa kusini mwa India, zenye ukijani, kwa bei kubwa. Ukijani huo ukipita na kitambaa chenye maji unatoka. Na hata ingekuwa ya kweli, sheria ya India ya mwaka 1972 hairuhusu mtu binafsi kutoa nje ya nchi sanamu iliyozidi miaka 100. Jumba la sanaa la taifa la Australia lilinunua Nataraja (sanamu ya Shiva anayecheza) kwa dola milioni 5 mwaka 2008, ikabainika iliibwa kwenye hekalu la Tamil Nadu, na mwaka 2014 ikarudishwa India. Anayewauzia Chola kwa simu ni mwongo au ameshika mali ya hekalu.

Zile anazoziita za "Swamimalai", mji wa mafundi wa sanamu huko Tamil Nadu, nazo zina mstari wa kalibu mbavuni, na zote zinafanana mpaka kasoro. Mafundi wa Swamimalai huchonga kila moja kwa nta na kuvunja kalibu ya udongo baada ya kumimina. Haziwezi kutoka pacha.

Lipeni mkiwa mmeishika mkononi, si vinginevyo. Kama ameshawatapeli, msifute meseji wala ujumbe wa muamala. Ripotini namba yake ya simu kwa kuituma kwenda 15040 na mfungue taarifa polisi. Nasi tunakusanya ushahidi wa walionunua kwake twende kwa pamoja, kwa hiyo aliye nao anitumie faraghani.