Tahadhari: bia ya nyumbani katika chupa kubwa za kioo, Lubumbashi

Ninaandika tahadhari hii kwa ajili ya watu wote wa Lubumbashi wanaonunua bia inayotengenezwa nyumbani na kuuzwa katika chupa kubwa za kioo zenye mshikio shingoni, za lita mbili hivi, zinazoletwa mlangoni kwa pikipiki baada ya kuagizwa kwa simu. Moja ya chupa hizo ilipasuka jikoni kwangu Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, bila mtu yeyote kuigusa, na mtoto wa dada yangu mwenye miaka 14 alikatwa mkono vibaya sana.

Jina la muuzaji silitaji. Malalamiko yangu nimeyapeleka panapostahili, na isitoshe mtu huyo amebadilisha namba ya simu na lebo mara mbili tangu mwezi wa tisa, kwa hiyo kulijua jina lake hakutamkinga mtu. Kitakachomkinga ni kuitambua chupa.

Chupa zenyewe ni za kioo cheupe kinachopitisha mwanga, na ukiinua mojawapo utahisi mara moja kwamba ni nyepesi mno kwa ukubwa wake. Ni chupa zilizotengenezwa kwa ajili ya divai, maji ya matunda au mafuta, yaani vitu visivyo na gesi, na nyingine bado zina gundi ya lebo ya zamani. Bia hujazwa hadi kwenye kifuniko, jambo ambalo mnunuzi huliona kuwa ukarimu, nami niliona hivyo. Juu ya kifuniko cha bati huzungushwa skochi nyingi, yaani utepe wa kunata, na kwenye baadhi ya chupa waya mwembamba, ili gesi isitoke. Hakuna tarehe, hakuna karatasi ya OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa, hakuna anwani ya mahali inapopikwa. Bia yenyewe ni tamu, na wengi huinunua kwa utamu huo.

Nina nganda yangu, yaani baa, katika mtaa wa Kamalondo, mwaka wa 12 sasa. Nimebeba kreti za bia za Simba na Tembo, nimehesabu vidanji, yaani chupa tupu, kila asubuhi, na nimesikia chupa ikilia juani siku ambayo gari la bia limechelewa kushusha mzigo. Ninasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mgeni wa bia wala wa chupa, na bado nilinunua.

Mwezi wa tisa niliagiza chupa tatu ili niionje bia hiyo kabla ya siku ya kupokea mahari ya binti wa dada yangu. Ilikuwa nzuri, katika hilo sitamnyima haki yake. Nilipokuwa nikiziosha chupa ili nizirudishe na kudai dola mbili za dhamana kwa kila moja, kidole changu kilipita kwenye mdomo wa chupa moja kikakuta pengo dogo lenye ukubwa wa punje ya mchele. Chini ya mshikio wa chupa hiyo hiyo nikaona kiputo cha hewa kilichonaswa ndani ya kioo tangu kiwandani, kirefu kama mbegu ya tikiti. Nilimwonyesha kijana wa pikipiki, kisha nikampigia simu muuzaji mwenyewe nikamweleza. Alinijibu kwa heshima: “Asante Mama, hiyo tutaitupa.” Niliridhika, nikaagiza nyingine sita kwa ajili ya sherehe.

Ziliwasili Ijumaa jioni zikiwa baridi. Nne ziliingia kwenye friji, na mbili, kwa kukosa nafasi, niliziweka sakafuni chini ya meza. Usiku umeme ukakatika, na hadi asubuhi haukuwa umerudi. Kila mtu hapa anajua joto la mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza, na jikoni kwangu mabati yako karibu na kichwa. Mtoto aliingia kuchukua glasi za wageni. Sisi tuliokuwa uani tulisikia mlio kama wa tairi la lori linapopasuka, kisha tukamsikia yeye. Kipande kimoja cha kioo tulikikuta kimejikita kwenye ubao wa mlango, hatua nne kutoka pale chupa iliposimama. Alishonwa nyuzi saba, na hadi leo kidole chake gumba hakikunjiki hadi mwisho. Wakwe walipofika, nusu ya familia ilikuwa hospitalini.

Shemeji yangu alifanya kazi kwa muda mrefu katika kiwanda cha bia kabla ya kustaafu, na ni yeye aliyenikalisha chini akanieleza kilichotokea. Ninakiandika kwa kirefu kwa sababu mtu akikielewa hatahitaji kuambiwa tena asinunue.

Gesi iliyo ndani ya bia hutulia wakati bia ni baridi na hutaka kutoka inapopata joto. Bia iliyokamilika, yenye gesi ya kawaida, ikiwa kwenye baridi ya friji husukuma kuta za chupa kwa nguvu isiyofika kilo moja, kwa kipimo kile kile ambacho mafundi wa kwado hutumia kupimia tairi. Bia hiyo hiyo ikifika digrii 30, msukumo hupita kilo mbili na nusu, yaani zaidi ya upepo unaowekwa katika tairi la gari dogo. Chupa ya kahawia ya kiwandani imetengenezwa ili ivumilie hayo na zaidi: kioo chake ni kinene, kila inaporudi huoshwa na kukaguliwa, na yenye ufa huondolewa. Chupa ya divai haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ni nafasi iliyo juu ya bia. Kimiminiko kikipata joto hutanuka, na kisipokuta hewa ya kubana hapo juu, husukuma kioo moja kwa moja, wala hakuna kioo kinachoweza kushindana na kimiminiko kinachotanuka. Huko Marekani, ambako chupa kubwa za namna hii huitwa grola na kwa kawaida huchukua wakia 64, karibu lita 1.9, hujazwa bia iliyokwisha kukomaa kutoka kwenye bomba ili mteja akainywe nyumbani baada ya muda mfupi. Hata hivyo chama cha watengenezaji bia cha huko, Brewers Association, kinashauri iachwe nafasi ya asilimia 5 hivi juu ya bia, na chupa iendelee kukaa kwenye baridi. Kwa chupa ya lita mbili nafasi hiyo ni mililita 100, kama kikombe kidogo cha kahawa. Ule ukarimu wa kujaza hadi kifunikoni, basi, ni kumwondolea mteja kinga yake.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo ninalomlaumu muuzaji kwalo zaidi ya mengine. Bia yake inafungwa kabla haijamaliza kuchacha. Utamu tunaousifu ni sukari ambayo hamira haijaila, na hamira huendelea kuila ndani ya chupa, hasa palipo na joto, na kila inapokula hutoa gesi. Hesabu yake ni rahisi: kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu 4 hivi, kikichacha chote huzaa karibu lita nzima ya gesi. Kijana wake wa pikipiki alikiri mbele yangu kwamba kila chupa huongezwa vijiko vitatu vya sukari kabla ya kufungwa ili bia ipate povu. Hizo ni lita tatu za gesi ndani ya chupa isiyo na nafasi hata ya kikombe, juu ya gesi iliyokuwamo tayari, na juu ya sukari iliyobaki katika bia yenyewe, ambayo hakuna aliyeipima.

Mama zetu wanaouza munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachushwa, wanalijua jambo hili bila kipimo chochote. Kinywaji ambacho bado kinachacha hukiweka katika bidoni ya plastiki, na kifuniko hukilegeza. Tena plastiki huonya: huvimba, huwa ngumu mkononi, na mtu hupata muda wa kuifungua. Kioo hakivimbi. Husimama kimya, kizuri, hadi dakika kinapopasuka, na mkwaruzo mdogo au pengo mdomoni huwa ndipo ufa unapoanzia.

Nilipompigia muuzaji kumweleza habari za mtoto, kwanza alisema chupa ilitikiswa. Nilipomwambia kwamba hakuna aliyeigusa, akasema niliiweka mahali pa joto, kana kwamba aliwahi kuniambia, mimi au mteja mwingine yeyote, kwamba isikae nje ya friji. Kisha akadai fidia ya chupa yake. Gharama za hospitali hakuzigusia, na tangu siku hiyo namba ile haipatikani. Ninajua nyumba mbili nyingine, moja katika mtaa wa Katuba na moja katika mtaa wetu wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambako chupa zake zimepasuka. Kwa neema ya Mungu huko hapakuwa na mtu karibu. Pia ninajua kwamba anaendelea kuuza, kwa sababu jirani yangu aliletewa nne wiki iliyopita, zikiwa na lebo mpya.

Kama unazo nyumbani sasa hivi, tafadhali usizibebe kuzirudisha, na usiruhusu mtoto azisogelee. Iliyo kwenye friji iache humo mpaka utakapoifungua, maana baridi hupunguza msukumo. Iliyo nje ifunike kwa blanketi zito au magunia, ukiwa umevaa miwani na nguo ya mikono mirefu, uiache hadi alfajiri ambapo hewa ni baridi. Usiimwagie maji ya barafu ikiwa na joto, kwa kuwa kioo hupasuka kinapobadilishiwa halijoto ghafla. Usiiweke kwenye sehemu ya kugandisha pia, kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Mtu mzima mmoja aifungulie uani, juu ya mkono na mdomo wa chupa pakiwa na taulo nene lililokunjwa mara kadhaa, uso ukiwa mbali, na kifuniko kilegezwe kidogo kidogo mpaka sauti ya gesi iishe. Mimi nilizifungua zangu tano kwa namna hiyo, na moja ilirusha povu hadi juu ya ukuta wa jirani.

Mtu akikatwa, kipande kilichozama katika nyama kisivutwe nyumbani. Bana pembeni yake kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali. Kioo kikiingia jichoni, jicho lisisuguliwe wala kubanwa. Lifunikwe kwa kitu kisichogusa mboni, kama sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi, na safari ianze mara moja.

Simwombei mtu huyu kufungiwa kazi. Bia anaweza kuipika. Aiache imalize kuchacha, aiuze katika chupa za kahawia zinazobeba gesi au katika pipa lenye bomba, aache nafasi juu, aandike tarehe. Nilimwambia hayo yote siku ya mwisho tulipozungumza, naye akanijibu kwamba chupa nene ni ghali.

Katika zile tano nilizofungua, moja ilikuwa na pengo mdomoni lenye ukubwa wa punje ya mchele, na chini ya mshikio wake kiputo kirefu kama mbegu ya tikiti. Skochi ilikuwa imezungushwa juu ya pengo hilo mara nyingi zaidi kuliko kwenye chupa nyingine. Nimeiosha, ipo juu ya kabati la nganda yangu bila kifuniko, na yeyote anayetaka kuiona aje aishike kwa mkono wake. Dhamana yake ya dola mbili sitaidai.